Vidole Vitatu vya Maji

Hotuba kwa wazazi na walezi, katika ukumbi wa mtaa, Umoja, Nairobi

Akina mama, akina baba, nyanya zetu mlioacha wajukuu kwa majirani ili mfike, na nyinyi dada mnaolea watoto wa wenzenu mchana kutwa: hamjambo? Itifaki izingatiwe, niende moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nimekuja na ndoo. Ni hii hapa, ya plastiki, lita 20, kama ile iliyo bafuni kwako sasa hivi. Nimetia maji kidogo. Mama uliyeketi hapa mbele, tafadhali njoo, laza vidole vyako ubavuni mwa ndoo uwapimie wenzako kina chake. Ni vidole vingapi? Vitatu. Asante. Hiyo ni kama sentimita 5, na inatosha kabisa kumuua mtoto wa mwaka mmoja. Maji yakiziba pua na mdomo, basi, hayahitaji kuwa mengi zaidi ya hapo.

Wazee wetu walisema mfa maji haachi kutapatapa. Naipenda methali hiyo, lakini naomba leo tuiweke kando, kwa sababu inasema habari za mtu mzima. Mtoto mdogo hatapitapi. Halii, haiti mama. Ili mtu alie ni lazima kwanza avute pumzi, na yeye kinywa chake kiko ndani ya maji. Kutoka kuingia mpaka kupoteza fahamu ni muda mfupi, dakika moja au mbili, na baada ya dakika 4 mpaka 6 bila hewa ubongo huanza kuharibika. Kwa hiyo yule mzazi anayesema, "Nitasikia tu akianguka," anangoja sauti ambayo haitakuja.

Najua hilo kwa sababu limenipata.

Mimi ni mwalimu wa kuogelea. Kwa miaka 13 nimesimama kando ya vidimbwi vya jiji hili nikiwafundisha watoto kupuliza mapovu na kuelea chali. Na mtoto niliyekaribia kumpoteza hakuwa kidimbwini. Alikuwa bafuni kwangu, katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Ni mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miezi 14, ameanza tu kutembea kwa kushika viti.

Ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa siku ya maji. Mnajua siku ya maji ilivyo: mfereji ukifungua saa kumi usiku unaamka, unajaza kila chombo chenye tundu moja tu. Nyumbani tulikuwa watu wazima wanne. Dada yangu alikuwa juu ya paa akianika nguo, akijua mtoto yuko na babake. Shemeji alikuwa sebuleni na mpira, akijua mtoto amenifuata mimi jikoni. Mama yetu alikuwa amejilaza kidogo. Mimi nilikuwa nasukuma chapati, nikimsikia mtoto akicheka sebuleni. Au nikidhani namsikia. Kutoka jikoni mpaka mlango wa bafu ni hatua sita. Nilikwenda kuteka maji ya kuoshea mikono, nikakuta nyayo mbili ndogo zimeelekea juu, zimetulia.

Ndoo yenyewe haikujaa. Ilikuwa maji ya kupigia deki, nusu.

Alipona. Yuko Gredi ya 3 sasa, na jambo linalomkera maishani ni hesabu. Lakini sijasahau kwamba katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu mzembe. Kulikuwa na watu wanne wanaompenda, na kila mmoja alidhani mwenzake anamwangalia. Ndiyo maana leo sikuja kumwambia mama yeyote "mwangalie mtoto wako." Unamwangalia. Unamwangalia ukipika, ukifua, ukijibu simu, ukimnyonyesha mdogo wake. Jicho la binadamu huchoka, na huitwa na kengele ya mlango. Ninachoomba tukiweke kati ya mtoto na maji ni kitu kisichochoka: kifuniko, komeo, uzio.

Hebu nieleze ndoo inavyoua, maana ukielewa hutaiona tena kama zamani. Mtoto wa mwaka mmoja ana kichwa kizito ukikilinganisha na mwili wake. Ndiyo sababu huanguka kwa kichwa kila mara. Ukingo wa ndoo hii unamfika karibu na tumboni. Anashika ukingo, anachungulia: kuna kikombe kinaelea, au anaona uso wake mwenyewe. Anainama zaidi. Kichwa kinavuta, miguu inaachana na sakafu. Sasa mikono yake iko ndani ya ndoo, inateleza kwenye plastiki, na nguvu za kujisukuma kurudi nyuma hana. Mtu atauliza, je, ndoo si itaanguka naye? Ikiwa tupu, itaanguka. Lakini lita 10 za maji zina uzito wa kilo 10, na mtoto wa umri huo ana kilo 9 au 10. Ndoo iliyo nusu ni nzito kama yeye. Inasimama imara kama nguzo. Kwa hiyo ile ndoo unayoiona haina neno kwa kuwa imebaki nusu tu ndiyo hatari hasa: maji yanatosha kumzamisha, na uzito unatosha kuizuia isipinduke.

Mtu wa Nairobi akisikia habari za kufa maji, mawazo yake huenda Likoni, au kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, au Mto Tana ukifurika. Sisi tuko kama kilomita 480 kutoka baharini, tunajiona tuko nchi kavu. Lakini jiji lenyewe jina lake ni maji. Wamaasai waliliita Enkare Nairobi, maji baridi. Na kwa kuwa maji mengi tunayotumia yanatoka mbali, Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hayatutoshi, tunaishi kwa mgao. Mgao ndio umetufanya tulale na maji ndani ya nyumba: dramu kando ya kitanda, ndoo nne bafuni, beseni chini ya meza, karai la nguo zilizolowekwa. Mtu mwenye mfereji unaotoka kila siku hana haja ya ndoo iliyojaa usiku kucha. Nalisema hili waziwazi ili wahusika wasikie: pale maji yanapopatikana kwa uhakika, chombo cha wazi ndani ya nyumba hupungua, na mtoto hupona.

Lakini mgao hautaisha kesho, kwa hiyo tufanye yaliyo mikononi mwetu. La kwanza, angalia mtungi. Mtungi wa plastiki wa lita 20 una mdomo mwembamba. Kichwa cha mtoto hakipiti. Maji yale yale, nyumba ile ile, ila hatari imeondoka. Ukiweza, hifadhi maji kwenye mitungi na ndoo ibaki ya kutekea tu. Ndoo ukimaliza kuitumia, imwage, kisha ipindue kabisa, mdomo chini. Usiseme utaimwaga baadaye. Dramu iwe na kifuniko cha kujifunga, si kile cha kuwekwa tu juu, na usiache stuli wala mtungi mtupu karibu nayo, maana mtoto wa miaka miwili ni mpandaji hodari. Na vifuniko vya ndoo jamani tuvirudishe kazini: nimeingia nyumba nyingi nikavikuta vimegeuzwa sinia.

La pili ni mlango wa bafu na choo. Fundi anaweza kukuwekea komeo la nje, juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima, kwa dakika chache. Hii ni kazi ndogo kuliko kuning'iniza pazia. Kumbuka kuwafundisha na watoto wakubwa na wageni walifunge wakitoka.

Kuhusu kuoga: mtoto aliye chini ya miaka mitano haachwi kwenye beseni hata nukta moja. Simu ikilia, iache ilie. Mtu akibisha hodi, mfunge mtoto taulo, mbebe, mwende wote mlangoni. Usimwachie dada yake wa miaka saba. Huo ni mzigo usiomstahili, na likitokea la kutokea ataubeba maisha yake yote. Vile viti vya plastiki vya kumkalisha mtoto kwenye maji visikudanganye pia, vinapinduka. Na mwenye mtoto wa kifafa, tafadhali, hata akifika miaka kumi na zaidi asioge peke yake kwenye beseni wala asiogelee bila mtu wa kumshika karibu.

Sasa niseme na nyinyi dada mnaolea watoto kumi, kumi na tano, katika chumba kimoja. Nawaheshimu sana. Bila nyinyi mji huu hauamki. Nchini Bangladesh, ambako vijijini karibu kila nyumba ina dimbwi mlangoni, waligundua kwamba watoto wengi hufa maji asubuhi, mama akiwa kwenye kazi za nyumba. Wakaanzisha vituo vya kijijini vya kuwalea watoto wadogo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, na vifo vya maji kwa watoto hao vikapungua sana. Shirika la Afya Duniani sasa linazishauri nchi zingine zifanye vivyo hivyo. Maana yake, kazi yenu mkiifanya vizuri ni kinga yenyewe. Mbao mbili za kuzuia mlango wa jikoni, chumba kisicho na chombo cha maji sakafuni, na ukielemewa na idadi, mwambie mzazi huwezi kumpokea wa kumi na sita. Na wewe mzazi ukiambiwa hivyo, usikasirike.

Wenye ploti, sijawasahau. Niliwahi kupanga mahali ambapo tangi la chini ya ardhi lilifunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Tulilalamika wapangaji wote, tukaahidiwa kila mwezi. Tangi la chini linataka mfuniko mzito wenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana. Shimo la msingi wa nyumba inayojengwa likiachwa wazi msimu wa mvua linakuwa kisima kisicho na jina. Tuliona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalivyowafanya watu wa Mathare. Lakini hata mvua ya kawaida hujaza machimbo ya mawe ya zamani upande wa Njiru na Mwiki, na vijana huenda kuogelea humo shule zikifungwa. Kule kuna kingo za mwamba zisizopandika. Wazazi wa watoto wakubwa, hilo ni lenu, liulizieni jioni.

Nije kwenye vidimbwi, mahali pangu pa kazi. Fleti nyingi mpya za Kilimani, Kileleshwa, Syokimau zina kidimbwi, na sisi wa Eastlands tunawapeleka watoto hotelini Desemba, au kwenye sherehe ya mtoto wa binamu. Kidimbwi cha nyumbani kinataka uzio wa pande zote nne, urefu usiopungua mita 1.2, wenye lango linalojifunga lenyewe na kitasa mtoto asichokifikia. Pande nne, nasisitiza. Wengi hujenga tatu na ukuta wa nyumba unakuwa wa nne. Basi mlango wa sebule ukiachwa wazi, mtoto ameshafika majini. Huko Australia uzio wa kidimbwi ni sheria. Ukikagua uzio, angalia pia kama kuna kiti au chungu cha maua kando yake, kwa sababu hiyo ndiyo ngazi. Mkimaliza kuogelea, toeni mipira na midoli yote majini, isimwite mtoto.

Ukifika kidimbwi cha kulipia, kabla ya kutoa pesa fanya mambo mawili. Simama upande wa kina kirefu utazame chini. Usipoiona sakafu vizuri, mtoto wako asiingie; katika maji ya kijani mwokoaji hawezi kumwona aliyezama hata awe na macho ya tai. Kisha uliza: mwokoaji ni nani, na yuko wapi? Ukionyeshwa kijana anayeuza soda, ondoka. Hata akiwepo mwokoaji wa kweli, yeye ni wa watu wote. Mtoto wa chini ya miaka mitano anahitaji mtu mzima ndani ya maji pamoja naye, umbali wa kumfikia kwa mkono. Yale mapulizo ya kuvaa mikononi ni mchezo, hayazuii mtu kuzama, hutoboka, huchomoka. Na nunua nguo ya kuogelea ya rangi ya machungwa au waridi inayong'aa. Ya buluu hupotea kabisa ndani ya kidimbwi. Mimi mwenyewe huwapoteza machoni watoto waliovaa buluu, na hiyo ni kazi yangu.

Kwenye sherehe kuna hatari ya pekee. Watu wazima ishirini wamezunguka kidimbwi, muziki unalia, nyama iko motoni, na kila mtu anaona kwamba wenzake wapo. Ni nyumba yangu ile ile ya siku ya maji, imekuwa kubwa tu. Basi sisi katika familia yetu tunatumia leso. Anayevaa leso shingoni ndiye jicho. Halewi, hashiki simu, hapigi gumzo, anatazama maji tu kwa dakika 15 au 20. Akichoka anamvisha mwingine leso huku akimwita kwa jina: "Baba Wanjiru, watoto ni wako sasa." Naye ajibu kwa sauti, "Nimewapokea." Hata watoto wamezoea, leso ikikosa mwenyewe, wao ndio wa kwanza kutoka majini.

Mnaniuliza kama mtoto ajifunze kuogelea mapema. Ndiyo. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema masomo yanaweza kuanza tangu mwaka mmoja na husaidia. Lakini mimi ninayelipwa kuwafundisha nakwambia: hakuna mtoto wa miaka mitatu asiyezama. Masomo yangu hayaondoi uzio wala leso.

Na ukimwona mtu anazama, usijirushe ikiwa hujui. Jiji hili limezika watu wawili wawili kwa sababu hiyo. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko sawasawa unaelea na kumbeba mtu. Ufunge kamba, umtupie.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililomrudisha mtoto wa dada yangu. Nilipomtoa kwenye ndoo, jirani mmoja mwema alitaka kumning'iniza miguu juu ili maji yamwagike. Mwingine alisema abinywe tumbo. Walikuwa na nia njema, lakini yote mawili yanapoteza muda, na kubinya tumbo kunapandisha chakula kikaingia mapafuni. Mtoto aliyezama amekosa hewa. Moyo wake ulikuwa mzima. Mpe hewa kwanza.

Mlaze chali sakafuni. Mwite, mguse. Asipojibu na asipopumua vizuri, piga ukelele mtu apige simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Wewe usiondoke. Inua kidevu kidogo. Mpulizie pumzi 5, kila moja iinue kifua. Kichanga aliye chini ya mwaka mmoja, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Aliye mkubwa kidogo, mbane pua. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kiganja kimoja, au kwa kichanga vidole gumba viwili, mikono ikimzunguka kifua. Kifua kishuke theluthi moja ya unene wake, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi 2. Tena 30, tena 2. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha mdomo, endelea. Ukiwa peke yako, fanya hivyo kwa dakika moja ndipo upige simu, iweke sauti ya nje huku unaendelea. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Na hata akilia, hata akiomba maziwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa mapafu yanaweza kuharibika saa chache baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria, katika ripoti yake ya Desemba 2024, kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto ambao hawajafika miaka mitano. Nilisoma idadi hiyo usiku nikaona nyayo mbili tu.

Sitawapa karatasi ya kwenda nayo, kwa sababu karatasi hubaki kwenye mkoba. Nimeleta wanasesere wawili, wako pale mezani, na tuna saa nzima. Kila mmoja atapiga magoti kabla hajatoka. Nyanya uliye karibu na dirisha, nimekuona ukihesabu kwa vidole nilipokuwa nikisema, njoo uanze wewe. Piga magoti hapa, polepole, shika bega langu. Inua kidevu chake. Hivyo hivyo. Sasa mpulizie.